Pijo ya Baba Nakhumicha

Molo, kwa Kipketer
11 Mei 2025

Siste Nakhu,

Niaje huko ndani? Natumai bado unapumua na hesabu haijakumaliza. Mimi niko fiti, hata nimenona, maana hapa Molo maziwa wanamimina tu, hakuna mtu anakuuliza kikombe cha ngapi. Baridi ndiyo kitu mbaya. Asubuhi naamka nikiwa nimejikunja kama chapati.

Kabla nisahau. Mwalimu wa zamu, kama ni wewe umefungua hii barua kabla ya mwenyewe, habari yako madam. Mimi ni kakake wa tumbo moja, si boyfriend. Endelea kusoma tu, leo utajifunza mambo ya magari bure.

Nyumbani Kaptembwo, hapo Nakuru, wote wako salama. Mama bado ako na kibanda chake cha mboga, na bado anagombana na yule jirani wa maji. Baba sasa anatembea mpaka kwa gate na kurudi bila fimbo. Mkono wa kulia ndio bado umelala, na maneno yanamtoka moja moja, lazima ungoje. Alikusalimia. Aliniambia nikusalimie mara mbili, mimi nimeandika mara moja.

Sasa twende kwa maneno. Unajua vile Pijo yetu, hiyo pikapu ya Baba ya kubeba viazi, imekaa kwa shamba ya Kipketer tangu ile wiki ilianza kunywa maji na Baba akaanguka hapo hapo wakipakia viazi. Miaka miwili, Nakhu! Kuku wanataga kwa kabati, wanalala pale kiti cha abiria, pale madam mkubwa ulikuwa unakalia ukiangalia watu kama waziri. Sasa kuna mtu wa Njoro anaitaka. Hataki kuiendesha, anataka kuikata, body ichukuliwe na vyuma viende kwa kilo. Mama alikuwa amekubali. Mimi nikasema zii. Tumebishana mpaka akanipa masharti: mpaka siku mtafunga shule, hiyo Agosti mosi. Kama Pijo itakuwa imebeba mzigo mmoja wa viazi kutoka Molo mpaka sokoni Nakuru bila kusukumwa, inabaki. Kama haijabeba, mtu wa Njoro anakuja na trekta yake.

Kwa hivyo nimeomba bosi wangu Kosgei ruhusa pale garage na nikapanda huku. Nalala kwa Kipketer, namsaidia kuvuna asubuhi, mchana niko chini ya Pijo. Leseni nilipata Februari kama unakumbuka. Kwa hivyo dereva ako, fundi ako, na wote wawili ni mimi.

Lakini kitu moja imeniudhi na lazima nikuambie. Nimeshuka hapa siku ya kwanza, mzee Kipketer ananiangalia kutoka juu mpaka chini, ananiuliza, "Wewe ndiyo kijana ya Baba Nakumija?" Nikamwambia, mzee, Kaptembwo nzima anaitwa Baba Jerry. Mimi ndio wa kwanza kuzaliwa. Akacheka akasema hapa Molo hawajui Jerry. Soko nzima ya viazi, Nakhu! Mama wa chai, watu wa mizani, wote, "Baba Nakumija, Baba Nakumija," na jina lako hata hawawezi kulitamka. Ulikuwa unawapea nini?

Ubaya wa gari nishajua. Ni gasketi ya kichwa imeungua, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Mafundi wengine wangekwangua grisi kwa bloku siku nzima wakitafuta namba ya injini. Mimi niko na logbuku, aina ya injini imeandikwa hapo, kwa nini nichafue kucha? Nimenakili kila kitu, mtu wa spea Nakuru ananiletea. Kazi ya wiki mbili. Hata usijisumbue kufikiria.

Wako mwenye gari,
Jerry


Shuleni
25 Mei 2025

Kaka Jerry,

Nimepokea barua yako ikiwa imefunguliwa. Mwalimu amesema nikurudishie salamu na nikuambie kwamba "zii" si jibu la kumpa mzazi.

Mimi ni mzima. Tumeanza mitihani ya majaribio, na wiki iliyopita nilikuwa wa pili katika fizikia. Aliyenishinda ni Sally, yule msichana wa Elburgon niliyekueleza, na amenishinda kwa alama moja tu, kwa hivyo usinipongeze. Chakula ni kilekile. Rahab, jirani yangu wa kitanda, anaota akipiga kelele.

Nimefurahi kusikia Baba anatembea. Umeandika kwamba alisema unisalimie mara mbili. Ile ya pili nimeichukua mwenyewe.

Kuhusu watu wa Molo, sikuwapa chochote. Nilikuwa naenda tu na Baba. Kila Jumamosi ya likizo saa kumi na moja asubuhi, nimevaa sweta mbili, wewe ukiwa umejifunika blanketi ukisema gari linakuumiza tumbo. Watu huita jina la mtoto wanayemwona. Hilo halihitaji fundi kulielewa.

Hao kuku waondoe. Na ukiwaondoa usitumie maji mengi, sakafu ya upande wangu imeoza karibu na mlango. Baba alikuwa ameweka kibati. Kishikilie kwa mkono wa kushoto unapofagia. Vioo vinapandishwa kwa kiganja, si kwa kile kishikio, kishikio ni cha kudanganya askari. Mlango wa dereva ukigoma unausukuma kwanza ndani ndipo unauvuta. Nayasema haya kwa sababu najua ungeng'oa kitu.

Ulipomaliza kunakili logbuku, ulimwonyesha Baba? Nauliza tu.

Kuhusu gasketi sina la kusema. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, wewe ndiye fundi na dereva, tena wote wawili.

Msalimie mzee Kipketer. Mwambie Nakhumicha anamsalimia, atafurahi.

Dadako,
Nakhumicha


Molo
15 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa wa Fizikia, Namba Mbili,

Pole kwa hiyo alama moja. Hata mimi nilishawahi kuwa namba mbili, kutoka nyuma.

Huku kila kitu iko sawa. Viazi vimekuwa vikubwa mpaka Kipketer anaogopa kuvipiga picha watu wasiseme ni uchawi. Mama alipiga simu Jumatatu, ameshonea Baba koti ya baridi kwa sababu, ngoja, usikimbie, nitakuambia.

PIJO INANGURUMA!!

Ndio. Soma tena. Gasketi ilifika, nikaiweka, bolt zote zikakubali shimo zao. Kulikuwa na pahali kidogo ilikuwa inachungulia ndani ya silinda kama mtoto kwa mlango, nikasema hiyo ikipata moto itajipanga. Nikaweka maji, nikaweka betri ya trekta ya Kipketer, nikapiga starter. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu, Nakhu, moshi ilitoka mpaka ng'ombe wakakimbia na Kipketer akatoka nje na kikombe ya chai mkononi akisema maneno ya Kikalenjin ambayo nadhani ni sifa. Nimeizungusha shamba mara mbili. Wote walikuwa kwa ua wakiangalia. Mama Mugure mwenye mkokoteni wa punda alipiga makofi!

Kuku nimefukuza. Kiti nimeshona upya mwenyewe na leatha nyeusi. Ule mto wako wa kukalia wa maua maua, ile ya kukuinua ndio uone nje, nimepea mbwa. Anaupenda sana. Na juu ya kioo cha mbele nimeandika kwa rangi nyekundu JERRY NA BABA. Herufi zimelala kidogo upande, lakini mtu anasoma.

Uliniuliza kama nilionyesha Baba logbuku. Ya nini? Unataka niende kwa mzee mgonjwa kumuuliza kitu imeandikwa na serikali? Wewe ndio ulikuwa wa kuuliza kila kitu, "Baba hii ni nini, Baba ile ni nini," na yeye anakujibu. Mimi nilijifunza kwa kuchapwa na spana ya Kosgei. Ndio maana inakaa kichwani.

Jumamosi hii inakuja, tarehe ishirini na moja, Baba anapanda Molo. Ndio maana ya koti. Nataka akae mbele, nimpeleke na magunia machache mpaka Turi na kurudi, ajue mwanawe ni nani. Halafu wiki hiyo nyingine tunabeba mzigo kamili Nakuru na mtu wa Njoro atafute vyuma kwingine.

Barua hii nimepea dereva wa maziwa aifikishe haraka, ndio uipate kabla ya hiyo siku, ukae ukijua. Jumamosi saa nne ukiwa kwa prep, fikiria mimi na Baba tukipanda mlima.

Fundi ni mmoja tu kwa hii familia,
Jerry


Molo
23 Juni 2025

Nakhumicha,

Leo hakuna salamu.

Jumamosi Baba alikuja na Mama. Nilimfungulia mlango, nikamfunga mkanda, nikapakia magunia nane. Watu walikuwa wengi, Kipketer alikuwa amewaambia. Mama alibaki na mke wa Kipketer. Tukatoka kwa gate mimi na yeye. Baba alikuwa ameweka ule mkono mzima juu ya dashibodi, na alikuwa anasikiliza. Hakuangalia barabara hata kidogo. Nilidhani amefurahi.

Hatukufika Turi. Pale mlima unaanza nilisikia paa! halafu moshi nyeupe ikafunika kioo mpaka sikuona ile maandishi yangu. Maji yote ilimwagika barabarani. Bodaboda wakasimama. Mmoja akaniuliza, "Boss, unachemsha viazi na bado hujavimenya?" Wote wakaanguka kucheka. Na unajua nani alituvuta mpaka kwa Kipketer? Punda. Punda wawili wa Mama Mugure, wamefungwa kamba kwa Pijo, na mimi kwa usukani nikikanyaga breki, na watoto nyuma wakiimba.

Na Baba akacheka. Miaka miwili hajacheka, Nakhu. Alicheka mpaka machozi. Ningekubali hata hiyo. Lakini tulipofika alishika mlango, akaniangalia, akaanza kutafuta maneno. Nikangoja. Watu wote wakangoja. Nikafikiria ataniambia pole. Akasema, "Uliza... Nakhumicha."

Mbele ya watu wote. Mbele ya mbwa na mto wako.

Nimefungua injini. Gasketi imeliwa pale pale ilikuwa inachungulia, kama mkate. Gasketi mpya! Ya logbuku! Kwa hivyo nakuuliza, kama nilivyoambiwa nikuulize. Ulikuwa unajua nini? Na kama ulikuwa unajua, barua yako ya Mei ilikuwa na kibati, na vioo, na kishikio cha kudanganya askari. Hii ingine ulikosa wino?

Agosti mosi haisongi. Mtu wa Njoro alipita hapa jana, akazunguka gari mara moja, akapima trei ya nyuma kwa hatua zake.

Jerry


Shuleni
6 Julai 2025

Kaka Jerry,

Nilikuwa nyumbani siku nne za half-term, toka Alhamisi hadi Jumapili. Mama alipika kuku. Tuliweka sahani yako. Najua ulikuwa na habari, maana Mama alikupigia, na najua ungeweza kushuka kwa saa mbili tu. Barua yako ya tarehe ishirini na tatu niliikuta huku niliporudi, lakini mambo yenyewe nilikuwa nimeshayasikia. Baba alinieleza kuhusu punda. Ilimchukua karibu saa nzima kunieleza na hakutaka nimsaidie neno.

Wote wanakusalimia. Sasa nitakujibu.

Nilikuwa najua.

Hiyo injini si ya hilo gari. Ile ya kwanza ilikufa nikiwa na miaka kumi na miwili, na Baba akapata nyingine iliyotoka kwa Pijo ya saluni, ile ya kubeba watu tu, iliyokuwa imegonga. Kwa nje zinafanana, zinakaa mahali pamoja, bolt ni zilezile. Lakini silinda zake ni pana. Ukiweka gasketi ya ile ndogo, ukingo unaingia ndani na moto unaula. Logbuku haikubadilishwa. Baba aliniambia nisimwambie mtu, kwa ajili ya mambo ya inspekshoni ya magari, na sikumwambia mtu. Kwangu haikuwa siri ya inspekshoni. Ilikuwa kitu pekee Baba alichonipa mimi tu. Nilitembea nayo kama mtu mwenye dhahabu kwenye soksi.

Kwangua grisi kwenye bloku, chini ya kabureta, utaona namba yenyewe. Gasketi ni ya saluni.

Uliniuliza kama nilikosa wino. Wino ulikuwepo. Barua yako ya kwanza niliisoma mara nne. Nilipofika uliposema dereva yupo, fundi yupo, na wote ni wewe, nilihisi mtu amenivua sweta. Mimi ndiye niliyeshika tochi Baba akiiweka hiyo injini, Jerry. Mimi ndiye niliyekuwa nikiganda huko Molo. Halafu umalize kwa wiki mbili, nikifunga shule nikute gari limekuwa lako, nipande nyuma na magunia? Nikasema moyoni, afadhali mtu wa Njoro alikate. Likikatwa litakuwa halina mwenyewe. Nikaandika kuhusu vioo.

Na barua yako ya pili ilinifikia Alhamisi, siku mbili kabla ya safari ya Baba. Ningemwomba mwalimu simu, angenipa. Nilisoma pale pa mto, nikasoma lile jina ulilopaka, nikaikunja nikaenda kufua. Baba angeweza kuungua na ule mvuke. Hilo ndilo silali nalo vizuri, si punda.

Lakini na wewe kuna mambo mawili huyasemi. La kwanza: siku ya kuweka hiyo injini, Baba alikuita wewe kwanza. Nilikuwepo mlangoni. Ulisema una mechi. Ndipo akanigeukia mimi.

La pili nimelipata half-term. Siku zote unasema uliacha shule kwa kuchoka, na mimi nimekuwa nikiamini nilibaki kwa sababu nilikuwa mwerevu. Tulikuwa Form Two wote wawili, wewe kwa mara ya pili, na karo ikawa ya mtoto mmoja. Mama amenieleza. Baba alikuwa amesema ni wewe uendelee. Alisema hivyo akiwa kitandani, kwa hayo maneno yake machache. Wewe ndiye uliyempelekea Mama sare yako imekunjwa.

Kwa nini hukuniambia?

Nakhumicha


Molo
16 Julai 2025

Siste,

Natumai uko mzima na yule Sally umemshika shati. Mzee Kipketer anakusalimia, na mama wa chai, na watu wa mizani, nimechoka kubeba salamu zako kama posta.

Barua yako ilinipata nikiwa shambani. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikang'oa viazi mistari mitatu. Nilikuwa nataka kukuandikia matusi siku hiyo hiyo. Bahati yako sikuwa na stempu.

Halafu nikaenda nikakwangua grisi. Namba iko pale pale ulisema. Nilikaa hapo chini nikiiangalia. Miaka minne Baba aliendesha hiyo injini mbele yangu, na mimi ni fundi, na sikujua. Nikakuonea wivu mpaka jino likauma. Si ya gari sasa. Ya ile tochi.

Sawa, aliniita kwanza. Nilikuwa nimesahau, kweli kabisa, mpaka umeandika. Lakini ile mechi tulishinda. Tatu bila.

Hayo maneno ya sare usinifanye malaika. Nilikuwa namba arubaini na moja kwa watu arubaini na tatu, na hao wawili walikuwa wamelala hospitali wakati wa mtihani. Ningerudia Form Two mpaka nioe. Na ulikuwa umenifikia, Nakhu. Mwaka unaofuata ungenipita, ningekaa nyumbani nikisaidiwa homework na mtoto nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Kwa hivyo nilikimbia kabla hujanipita. Hiyo ndio kwa nini. Mama anapenda kuongeza sukari kwa hadithi. Na usimwambie Baba kwamba tumeongea hii.

Haya. Gasketi ya saluni nimepata, nimeweka, hakuna kitu inachungulia. Gari inawaka. Haichemshi. Nimeipandisha mlima wa Turi peke yangu asubuhi na mapema kabla ya bodaboda kuamka, imefika juu.

Lakini ikiwa na mzigo inagonga. Ta-ta-ta-ta, kama mtu anapiga chapa pale juu ya injini. Ni tapeti, vile vyuma vidogo vya kufungua valvu, hiyo najua, lakini ni gani kati ya nane sijui. Nimezikaza zote, ikakosa nguvu. Nimezilegeza zote, ikapiga kelele mbaya zaidi. Kosgei kwa simu ananiambia nipeleke kwa mtu wa vipimo, na hiyo hatuwezi kabla ya tarehe. Nikimuuliza Baba kwa simu anachoka kabla ya kumaliza. Najua alikuwa anaziweka sawa bila kipimo, na najua ni nani alikuwa amesimama hapo.

Wiki mbili zimebaki. Mama amesema mzigo ni mzigo, na kama ikigonga njia yote mpaka ife pale Elburgon, mtu wa Njoro haendi mbali kuichukua.

Kwa hivyo. Hii sentensi nimeianza mara tano. Nakuomba unifundishe vile mlikuwa mnafanya.

Jerry


Shuleni
22 Julai 2025

Jerry,

Haraka, dereva wa maziwa anangoja langoni. Sote wazima.

Hakuna la kukufundisha kwa barua, kwa sababu hata mimi sikuwa nikisikia chochote. Nilikuwa nikifungua na kukaza tu. Anayesikia ni Baba. Tafuta bisibisi ndefu kuliko zote ulizo nazo. Injini ikiwaka, ncha unaiweka juu ya kifuniko, usawa wa tapeti ya kwanza, na mpini unamwekea Baba sikioni. Anafumba macho. Ukifika kwa ile mbaya atainua kidole. Unazima, unafungua, unakaza robo ya mzunguko. Unafunga, unawasha, unarudi tena. Akikunja uso umezidisha.

Ndivyo tulivyofanya kila mwaka. Mkono wake ndio umelala, sikio ni lilelile. Mlete Molo, mkalishe kwenye kiti karibu na bampa, umfunge shingo vizuri.

Sasa unajua kila ninachojua. Sina kingine.

Nakhumicha


Langoni pa shule yenu
1 Agosti 2025

Nakhu,

Askari wenu amekataa niingie. Anasema gari za wazazi ndizo zinaingia na mimi sifanani na mzazi. Nimemwonyesha mzazi, ako hapa mbele amekaa katikati na koti yake, askari anasema huyo ni sawa lakini dereva abaki nje. Kwa hivyo naandika kwa goti, na huyu askari amekubali kukuletea karatasi. Mpe asante, nimempa viazi.

Salamu kwa wote, Mama ni mzima, ako nyumbani anapika.

Jumatano tulifika Nakuru. Magunia ishirini, hakuna mtu alishuka kusukuma. Baba alikaa kando yangu njia nzima amefumba macho. Tulitumia siku mbili pale kwa bampa kabla ya safari, mimi na yeye, hata chai tulisahau. Ilikuwa ya tatu na ya sita. Nilipopata ya sita alinishika sikio akalivuta, sijui kama ni sifa au ni adhabu. Leo asubuhi mtu wa Njoro amekuja nyumbani na trekta yake. Mama amemwambia gari imepata kazi, achukue sukumawiki akitaka.

Kule soko ya Molo wameanza kuniita. Unajua wananiita nani? Kaka ya Nakumija. Nimekubali tu, nimechoka kubishana.

Sasa sikiliza vizuri. Leta sanduku lako, tutaliweka nyuma. Baba amekataa kusonga pale katikati, na akishapanda huyu mzee hatoki. Kwa hivyo kumebaki pahali pawili, kwa usukani na kwa dirisha. Mimi nimekaa kwa dirisha. Hii njia yenu ya vumbi haina polisi, ni mita mia tatu, nimeihesabu kwa miguu nikingoja.

Utaendesha wewe mpaka pale lami inaanza. Mpaka lami tu, Nakhu. Usizoee.

Jerry